Neno "Yeye" na Shamba la Ukoo

Sisi wakazi wa kandokando ya Ziwa tumejaliwa lugha zisizotenga watu. Kiingereza kina neno moja kwa mwanamume na jingine kwa mwanamke. Kiswahili kina "yeye" tu. Ndivyo kilivyo Kisukuma, ndivyo kilivyo Kikerewe na Kihaya. Hata Kijaluo, ambacho si cha Kibantu, kina neno moja kwa wote wawili. Ibadani tunapotamka kwamba yeye anayeamini ataokolewa, hakuna anayeuliza ni wa kiume au wa kike.

Ila mila zetu hazikuifuata lugha yetu. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo aliyoirithi, lakini si kuiuza. Mwanamume akiiuza bila idhini, ndugu waliweza kuikomboa kwa kurudisha fedha za mnunuzi. Mwanamke akiiuza, mauzo yalikuwa batili. "Yeye" mmoja alikuwa na shamba, "yeye" mwingine alikuwa mpangaji kwa baba yake.

Bibi Holaria Pastory wa Wilaya ya Muleba, magharibi mwa Ziwa, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipoona uzee umemfika na hana wa kumtunza, Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, mmoja wa ukoo alifungua kesi. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikampa Bibi haki. Rufaa ikaja hapa kwetu, Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ukoo uliolitaka shamba ulipewa miezi sita kulikomboa kwa fedha ileile, kama ambavyo ungefanya kwa mwanamume.

Wakristo hatukupaswa kushangaa. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wakidai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana wa kiume. Musa hakutegemea desturi. Alilipeleka shauri kwa Bwana, naye Bwana akasema mabinti wamenena haki.

Hata leo, matanga yakiisha, kikao cha ukoo huketi, na mara nyingi mzee wa kanisa huitwa afungue kwa sala. Hapo ndipo imani yetu hupimwa. Tukisema "amina" kisha tukanyamaza huku binti wa marehemu akiambiwa kwamba yeye ataolewa, hana haja ya ardhi, tumemwomba Mungu mmoja na kuwagawa watoto wake. Mzee aliyefungua kwa sala na aulize kabla ya kufunga: binti amepewa nini?