Damu, Mahali na Uraia: Nani ni Mwayalandi Leo?

Hadi mwisho wa mwaka 2004, karibu kila mtoto aliyezaliwa katika kisiwa cha Ayalandi alistahili uraia wa nchi hiyo, hata kama wazazi wake wote wawili walikuwa wageni. Haki hiyo iliingizwa katika Ibara ya 2 ya Katiba kufuatia Mkataba wa amani wa Belfast wa 1998, ili wakazi wa Ayalandi ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, wawe na hakika kwamba nao ni sehemu ya taifa. Haikudumu. Tarehe 11 Juni 2004 asilimia 79 ya wapiga kura waliridhia marekebisho yaliyoliachia Bunge liamue hatima ya watoto wasio na mzazi raia. Sheria iliyofuata ilimtaka mzazi mgeni awe ameishi nchini kihalali miaka mitatu kati ya minne iliyotangulia kuzaliwa kwa mtoto. Muda wa masomo au wa kusubiri hifadhi ya ukimbizi hauhesabiwi.

Wakati wa kura hiyo unaeleza mengi. Tangu Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwakimbiza wengine wengi, Ayalandi ilijulikana kwa kusafirisha watu wake kwenda Uingereza, Marekani na Australia. Ni ukuaji wa uchumi wa miaka ya 1990 uliogeuza mkondo. Mwezi mmoja kabla ya kura, nchi kumi zilijiunga na Umoja wa Ulaya, na Ayalandi ikawa miongoni mwa nchi tatu tu zilizowafungulia wafanyakazi wa nchi hizo kumi milango mara moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.15, mmoja kati ya watano alizaliwa nje ya nchi, na asilimia 12 hawakuwa raia, Wapolandi wakiwa kundi kubwa zaidi miongoni mwao.

Sheria ya uraia ina mizani isiyo sawa. Mtu aliyezaliwa Boston, ambaye hajawahi kukanyaga Ayalandi, anaweza kusajiliwa kuwa raia iwapo babu au bibi yake mmoja alizaliwa kisiwani. Msichana aliyezaliwa Dublin na kusoma Kiayalandi shuleni tangu utotoni anaweza kuikosa haki hiyo hiyo. Si vibaya taifa kuwakumbuka wajukuu wa waliofukuzwa na njaa. Kosa ni kuipa nasaba ya mbali uzito mkubwa kuliko maisha ambayo mtu anayaishi nchini.

Na nasaba yenyewe haijawahi kutosha. Wasafiri, jamii ya wenyeji wa Ayalandi wenye desturi ya kuhamahama, wameishi humo kwa karne nyingi, lakini Serikali ilikuja kuwatambua kuwa kabila mnamo tarehe 1 Machi 2017. Kabla na baada ya hapo wamebaguliwa katika makazi, shule na ajira. Anayedai kwamba utofauti umeletwa na wahamiaji anawasahau watu hawa.

Utamaduni unaodhaniwa kufungwa zaidi umeonyesha njia nyingine. Chama cha michezo ya jadi kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles ili kuilinda michezo ya wenyeji dhidi ya ile ya Waingereza, na klabu zake zimejengwa juu ya parokia. Mwaka 2005 timu ya Cork ilitwaa ubingwa wa taifa wa mchezo wa magongo chini ya nahodha Seán Óg Ó hAilpín, aliyezaliwa Fiji kwa mama Mfiji na baba Mwayalandi; alipopokea kombe alihutubia kwa Kiayalandi. Lugha hiyo ndiyo ya kwanza kikatiba, lakini wanaoitumia kila siku nje ya shule ni takriban 72,000 tu. Aliyejifunza na kuitumia ameubeba urithi huo kuliko wengi wenye nasaba ndefu. Hata hivyo, ushahidi wa wanamichezo una mpaka wake: mtoto wa mfanya usafi hapaswi kushinda kombe ili ahesabiwe mwenyeji.

Hatari ya kuahirisha suala hili ilionekana Novemba 2023, watoto walipochomwa kisu katikati ya Dublin na uvumi kuhusu asili ya mshambuliaji ukazaa ghasia za kuwapinga wahamiaji, mabasi yakachomwa moto. Miongoni mwa waliomzuia mshambuliaji alikuwamo mhamiaji kutoka Brazili, msambazaji wa vyakula.

Mwaka huohuo Bunge lilipunguza, kutoka mitano hadi mitatu, miaka ya ukaazi inayohitajika kwa mtoto aliyezaliwa nchini bila uraia kabla ya kuuomba. Hiyo ni nafuu, ila bado ni maombi, na waziri ana hiari ya kuyakataa. Marekebisho ya 2004 hayakulikataza Bunge kuwapa watoto hao uraia. Yaliliachia liamue kwa sheria. Kuirudisha haki ya kuzaliwa, basi, hakuhitaji kura nyingine ya maoni, bali sheria ya kawaida inayoweza kupitishwa na wabunge wakati wowote.