Kiwanja cha Baba, Chumba cha Mwana

Wapo wazee wenzangu ambao wakimwona kijana wa miaka thelathini na mitano bado anapanga, hutikisa kichwa na kusema kwamba vijana wa leo hawana mpango. "Sisi tulijenga kwa mshahara mdogo," husema. Kauli hiyo nimeisikia barazani, misibani na harusini. Ni kweli kwamba tulijenga. Lakini kabla ya kumhukumu kijana, ni vema tujiulize tulijenga kwa njia gani, na kama njia hiyo bado ipo.

Marehemu baba yangu aliingia Dar es Salaam kutoka Rufiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Mji wa Waingereza ulikuwa umegawanyika kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1923, ardhi yote ilikuwa chini ya mamlaka ya Gavana. Mwafrika wa mjini aghalabu hakuwa na hati ya miaka mingi. Alikuwa na kibali cha kiwanja, akilipa ada yake na kuomba Mungu serikali isibadili mawazo. Kwenye karatasi, basi, baba hakuwa na usalama wowote.

Hata hivyo kiwanja kilipatikana, naye akajenga Ilala nyumba ya Kiswahili kama walivyojenga wenziwe wa Kariakoo na baadaye Magomeni: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo. Alianza kwa miti, udongo na makuti. Sisi tulikaa vyumba viwili, vinne akapangisha. Kodi ya wapangaji ndiyo iliyonunua bati, kisha saruji ya sakafu. Alipozeeka, kodi hiyo hiyo ikawa pensheni yake. Nyumba ilijijenga yenyewe, na hakuna benki iliyohusika.

Zamu yangu ilikuja baada ya Uhuru, na ilikuwa zamu yenye bahati. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa milele uliokuwapo tangu ukoloni ulibadilishwa ukawa wa miaka 99 chini ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanzishwa Benki ya Nyumba, na baada ya hapo ukaja mpango wa viwanja na huduma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kwa hesabu ya watu ya 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000 tu. Nafasi ilikuwapo.

Mimi nilikuwa karani. Nilipata kiwanja Sinza kwa kujaza fomu na kulipa ada, nikapata mkopo wa kunifikisha kwenye lenta, na yaliyobaki nikayamaliza kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa hodari kuliko mwanangu. Nilikuwa na ajira ya kudumu, kiwanja kilichopimwa na benki iliyokuwa na kazi hiyo. Mambo hayo matatu yalikutana katika umri wangu.

Si kila mtu wa rika langu alikutana nayo. Maelfu walijenga Manzese na kwingineko bila ramani wala hati. Na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Kiasia, na wapo waliofunga mizigo wakahama nchi. Mwaka ule ule ambao mpangaji mmoja alipata nafuu, mwenye nyumba mmoja aliona kazi ya baba yake ikiondoka kwa tangazo. Usalama wa makazi katika nchi yetu umekuwa hivyo: anayepewa na anayenyang'anywa mara nyingi wanaishi mtaa mmoja.

Baada ya hapo milango ilianza kufungwa, mmoja mmoja. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliwauzia watumishi nyumba zake, na waliokuwamo ndani walifaidika. Mtumishi aliyeajiriwa baada yao hakuikuta nyumba. Mwaka huo huo ulianza mradi wa viwanja 20,000, lakini vilikuwa pembezoni, kama Bunju na Kibada. Mwaka 2005 sheria iliyodhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Na sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, karibu mara ishirini ya wale wa 1967.

Mwanangu ni mwalimu. Amehama mara tano. Kila akihama hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Fedha ambazo mimi nilinunulia matofali, yeye huzimaliza kwa kuingia tu katika chumba cha mtu mwingine. Mikopo ya nyumba imerudi tangu sheria zilizotungwa mwaka 2008, ila kwa riba ya tarakimu mbili na masharti ya hati na kipato ambayo wengi hawayafikii. Amenunua kipande cha ardhi Chanika. Akihamia huko, ataamka saa kumi alfajiri kila siku.

Sasa nyumba ya baba kule Ilala imefika mikononi mwetu, warithi saba. Mtu anataka kuinunua ajenge ghorofa. Wadogo zangu wanataka tuuze. Nimewaambia kwamba fungu la kila mmoja halitanunua hata nusu ya kiwanja mahali pa maana, na fedha zikishaliwa hatutakuwa na kitu cha kumwachia mtoto. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa. Magomeni Kota tumeona mfano wake: nyumba za zamani zilibomolewa, wakazi wakahangaika miaka, lakini mwaka 2022 zilizinduliwa nyumba 644 kwa ajili ya familia zilizoondolewa. Basi na sisi tudai nyumba ndani ya ghorofa hilo, tuziandikishe kwa majina, na mabinti wawemo, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 haikumbagua mwanamke.

Hatujakubaliana bado. Mnunuzi ana haraka na sisi tuna njaa tofauti tofauti. Lakini wazee wenzangu nawaomba jambo moja. Waswahili husema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Tukikutana na kijana anayepanga, tusianze kumwuliza kwa nini hajajenga. Tumwulize anadaiwa miezi mingapi, kisha turudi nyumbani tuangalie tumebakiwa na nini cha kugawana naye.