Kingo za Mto Ngong katika Eneo la Viwanda la Nairobi

Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, stesheni na karakana zilijengwa kwenye uwanda tambarare ambao sehemu yake kubwa ilikuwa kinamasi, yaani ardhi inayotuamisha maji kwa muda mrefu, yenye udongo mweusi unaovimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Mahitaji ya reli ndiyo yaliyovuta viwanda upande wa kusini mashariki, na Mpango Mkuu wa mji wa mwaka 1948 ukaimarisha mpangilio huo, ingawa palepale ndipo Mto Ngong unapopita.

Mto huo, uliozuiwa kwa Bwawa la Nairobi mwaka 1953, hupita Eneo la Viwanda na mitaa ya mabanda ya Mukuru, hujiunga na Mto Nairobi, na maji yake huishia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Mafunjo, matete na miti ya kingoni huukinga mji kama mikoko inavyoikinga pwani: mashina hupunguza kasi ya maji, mizizi hushika udongo, na ardhi isiyojengwa huyapa mafuriko pa kutandaa. Kinga hiyo ina kikomo, kwa maana tsunami ya mwaka 2011 iling'oa msitu wa misonobari ipatayo 70,000 huko Rikuzentakata, Japani, ukabaki mmoja tu. Lakini mafuriko ya mto, ambayo nguvu yake ni ndogo mno kuliko ya tsunami, ukanda mpana wa mimea huweza kuyapunguza kwa kiasi kikubwa.

Katika Eneo la Viwanda ukanda huo ulihesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi. Kuta za viwanda zilisogezwa hadi ukingoni, na vibarua, ambao ujira wao haukutosha kodi ya nyumba za mitaa iliyopimwa, wakajenga vibanda vya mabati Viwandani, Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga, mara nyingi kwenye kipande kilichosalia kati ya ukuta na maji. Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango mwaka 2017, hatua ya busara iliyowashirikisha wakazi wenyewe katika kupanga barabara, maji na mitaro. Hata hivyo, mvua za masika za mwaka 2024 zilipofurisha mto, serikali kuu iliamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka kingoni, na matingatinga yakabomoa makazi ya maskini. Amri hiyo ilikuwa na msingi wa kiikolojia, lakini haki ilidai kwamba mita hizo 30 zipimwe kwa kamba ileile upande wa viwanda pia, na kwamba ardhi iliyoachwa wazi ipandwe miti mara moja, kabla haijapata mmiliki mwingine.