Reli ya Tenke na Sheria za Brussels

Tenke, kusini mwa Kongo, ni njia panda ya reli. Hapo reli itokayo Lubumbashi hukutana na ile iendayo Dilolo, mpakani mwa Angola, na kuendelea hadi bandari ya Lobito. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1931 ili shaba ya Katanga ifike Atlantiki. Vita vya Angola vikaifunga kuanzia 1975. Leo Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa nguzo ya sera yake katika Lualaba, mkoa wa Tenke wenye migodi ya shaba na kobalti, na kwa hiyo Tenke inafaa kuwa mahali pa kupimia nadharia mbili.

Mtaalamu wa siasa Ian Manners alidai mwaka 2002 kuwa nguvu ya Umoja huo ni uwezo wa kuamua lipi lihesabiwe kuwa la kawaida duniani: haki za binadamu, utawala wa sheria, kukataa hukumu ya kifo. Mwaka 2012 mtaalamu mwenzake, Chad Damro, alijibu kwamba Ulaya ni soko kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na anayetaka kuuza humo hufuata masharti yake. Katika Lualaba nguvu ya kanuni huitegemea nguvu ya soko, na soko lenyewe liko mbali na migodi kuliko Brussels inavyopenda kukiri.

Sheria ya Ulaya ya madini ya migogoro, iliyoanza kutumika Januari 2021, inahusu bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu. Iliwalenga watu wenye bunduki, kama wale wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Kobalti ya Kolwezi, mji wa migodi wa Lualaba, ambako hatari ni shimo kuporomoka na mtoto kubeba gunia, haimo. Sheria ya betri ya mwaka 2023 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwataka wenye viwanda wachunguze asili ya kobalti yao. Wajibu huo ulipaswa kuanza Agosti 2025; ukasogezwa hadi Agosti 2027, kampuni zipate muda wa kujiandaa. Kanuni ilipogongana na gharama, kanuni ndiyo iliyosubiri.

Hata ikianza, itafika Tenke kwa mzunguko mrefu. Mgodi wa Tenke Fungurume ulitoka mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani kwenda kwa CMOC ya China mwaka 2016, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia husafishwa China. Mtengeneza gari wa Ujerumani humwuliza mwenye betri, naye humwuliza msafishaji, naye humwuliza mwenye mgodi. Kinachorudi ni karatasi.

Ni kweli kwamba ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 kuhusu watoto wachimbaji iliwatikisa wanunuzi, na mwaka uliofuata eneo la Kasulo, Kolwezi, likazungushiwa uzio chini ya kampuni tanzu ya Huayou ya China. Lakini hiyo ilikuwa aibu ya majina makubwa ya kibiashara, mengi yasiyo ya Ulaya. Brussels haikuwa imetunga neno lolote kuhusu kobalti.

Kivu inatoa ushahidi mchungu zaidi. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini na Rwanda makubaliano ya madini, waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, wakiwa tayari wamejikita Kivu Kaskazini. Mji wa Goma ulianguka mikononi mwao Januari 2025. Bunge la Ulaya likadai makubaliano yasitishwe. Machi vikwazo vya Umoja huo vikakigusa kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, Kigali. Makubaliano yenyewe yaliwekwa tu chini ya mapitio.

Kwenye reli, Ulaya inaonekana kuwa na uzito zaidi. Oktoba 2023 ilisaini na Kongo, Zambia, Angola na Marekani mpango wa Ushoroba wa Lobito, kwa sababu iliyo wazi: haitaki, ifikapo 2030, nchi moja ya nje iiuzie zaidi ya asilimia 65 ya madini yoyote ya kimkakati. Hilo ni hitaji la mnunuzi, wala si dhambi. Ila upande wa Angola ulijengwa upya na kampuni ya China, kazi ikaisha 2014.

Wakati huohuo Kinshasa ilionyesha nguvu ya muuzaji. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaweka viwango vya mgao. Bei ikapanda zaidi ya maradufu. Mgao wa mwaka 2026 ni tani 96,600, na anayeugawa ni ARECOMS, mamlaka ya Kongo ya kudhibiti soko la madini ya kimkakati.