Siku ya Maonyesho ya Ukulima katika Marekani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za maonyesho ya ukulima yafanywayo kila mwaka katika majimbo mengi ya Marekani. Mtu ayatazamaye kwa mbali aweza kudhani kuwa ni tamasha tu. Baba, mama na watoto hushika njia asubuhi na kikapu cha chakula, nao hurudi jioni wamechoka, vumbi limewajaa miguuni. Walakini siku hiyo moja ina historia yake, nayo yatufundisha jambo juu ya elimu, na juu ya wale waliozuiwa mlangoni mwake.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Katika mwaka wa 1807 Bwana Elkanah Watson, mfanyi biashara aliyegeukia ukulima, alileta kondoo wawili wa Merino, wenye sufu laini, akawaweka chini ya mti mkubwa katika uwanja wa mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts. Watu wakaja kuwatazama, na wanawake pia. Watson akawaza moyoni: ikiwa kondoo wawili wamevuta watu hivi, je, mifugo mingi itavuta wangapi? Basi mwaka wa 1810 wakulima wa wilaya ile wakaleta wanyama wao mahali pamoja, na mwaka uliofuata wakaunda chama chao, Chama cha Ukulima cha Berkshire.

Lakini Watson aliona kuwa kazi ya shamba si ya mwanamume peke yake. Mwaka wa 1813 chama kikaweka tunzo kwa nguo zilizofumwa nyumbani. Siku ilipofika, nguo zilikuwapo, bali wenyewe hawakutokea, kwa kuwa kila mmoja aliona haya kutangulia. Ndipo Watson alipomwomba mkewe aende ukumbini, akapeleka habari mjini kwamba bibi yuko, anawangoja wenzake. Wakaja. Tangu hapo siku ya maonyesho ikawa siku ya jamaa nzima.

Mfano huo ukaenea. Mwaka wa 1841 jimbo la New York lilifanya maonyesho yake ya kwanza katika mji wa Syracuse, na majimbo mengine yakafuata. Katika maonyesho ya kwanza ya jimbo la Iowa, mwaka wa 1854, wanawake walishindana kupanda farasi. Kati yao alikuwamo msichana wa miaka 13, jina lake Eliza Jane Hodges, ambaye watu walimpenda kwa ushujaa wake. Waamuzi walimpa tunzo mwingine, lakini watazamaji wakachanga fedha zao wenyewe wakampa, na tena akapewa nafasi ya kusoma shuleni. Chanda chema huvikwa pete, na hapa pete ilitoka kwa watu.

Mwaka wa 1859 Abraham Lincoln, kabla hajawa Rais, alihutubia wakulima katika maonyesho ya jimbo la Wisconsin. Aliwaonya kuwa shamba dogo lililolimwa vema lafaa kuliko shamba kubwa lililolimwa ovyo, akasema kuwa elimu na kazi ya mikono hazipasi kutengana. Mwaka wa 1862, akiwa Rais, alitia sahihi sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya Serikali, ili fedha itokanayo nayo itumike kuanzisha vyuo vya kufundisha ukulima na ufundi.

Lakini wengi hawakuweza kwenda chuoni, na kwao chuo kilikuwa ile siku moja. Baba alisimama penye uwanja wa ng'ombe. Mwamuzi aliwapanga safu, akatazama mgongo, miguu na kiwele, kisha akaeleza kwa nini huyu ametangulia na yule amefuata. Mkulima asiyependa vitabu alirudi nyumbani na kipimo cha kumpimia ng'ombe wake mwenyewe. Mama alikwenda penye siagi, achari, mikate na mifarishi, akalinganisha kazi yake na ya wenzake. Watoto walikimbilia pembea, lakini hata wao walipita kwanza penye nguruwe na mahindi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi, ikiwa siku hiyo ni shule, kumzuia mtu mlangoni ni kumnyima elimu. Nayo ndiyo dhuluma waliyotendewa Wamarekani weusi katika majimbo ya kusini, ingawa mikono yao ndiyo iliyolima mengi ya mashamba yale. Wengine hawakungoja kukaribishwa. Mwaka wa 1879, miaka 14 tu baada ya utumwa kukomeshwa, watu weusi wa North Carolina walianzisha maonyesho yao wenyewe katika mji wa Raleigh. Katika Texas walitengewa siku yao, na siku nyingine walipata vizuizi penye michezo na mahali pa kula. Fikirini uchungu wa mzazi anayemweleza mwanawe kwa nini pembea ile si yake leo. Mwaka wa 1955 vijana wa chama cha NAACP, wakiongozwa na Bibi Juanita Craft, walisimama langoni huko Dallas wakiwasihi watu wao wasiingie siku hiyo ya kutengwa. Haikuwa kwamba waliyachukia maonyesho. Walitaka kuingia siku yo yote, kama jamaa nyingine. Katika miaka ya 1960 vizuizi hivyo vikaondolewa.

Nasi tuna maonyesho yetu. Katika Tanzania Bara ni Nane Nane, kila tarehe 8 Agosti, na Kenya pia ina maonyesho ya ukulima. Twendapo, tusitazame mifugo na mashine peke yake, bali tutazame pia ni nani aliyekuja. Mama aliyeshika jembe mwaka mzima, je, yupo uwanjani ayaone yale yanayomhusu, au ameachwa nyumbani kuangalia kuku? Watson alilijibu swali hilo kwa kumtuma mkewe afungue njia. Kwetu sisi yatosha kuongeza kikapu kimoja cha chakula, tukaondoka sote.