Kigoma kabla ya Stanley: historia ya miaka milioni 795

Mitihani imekaribia ila hii kitu imenikaa kichwani. Ukitaja historia ya Kigoma, watu wanakimbilia Ujiji, Livingstone na Stanley, 1871. Sisi wa Ilagala tunajua pia Mto Malagarasi na michikichi. Lakini jamani, mawe nayo yana historia.

Mkoani kwetu kuna basalti ziitwazo lava za Gagwe. Zina vidoa vya madini mengine: hayo yalikuwa mapovu ya gesi, yakajazwa baadaye. Umri wake unajulikanaje? Ndani ya basalti kuna potasiamu, na sehemu yake hugeuka polepole sana kuwa gesi ya argoni. Nusu tu huisha kwa miaka milioni 1,250. Lava ikiwa ya moto argoni inatoroka. Ikiganda, saa inaanza sifuri. Mwaka 2001 Deblond na wenzake walichapisha jibu: miaka milioni 795, pengine 7 zaidi au pungufu. Ardhi ilipasuka, uji wa moto ukapanda kwenye nyufa. Uji wa namna hiyo ukigandia njiani unabaki ukuta wa jiwe ndani ya ufa.

Sasa shuka kusini, Ubende. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Schenk na Appel, waliandika kuhusu eklojaiti, yaani basalti iliyominywa kilindini mpaka ikabadilika. Kemia yake inafanana na ya sakafu ya bahari: ina uhaba wa elementi kama thoriamu ambazo mabara yamejaa nazo. Maana yake, kati ya miaka milioni 1,800 na 1,900 iliyopita palikuwa na bahari, sakafu yake ikazama, na vipande vya bara vikaungana.

Mtu atauliza, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Maungio yale ya zamani ndiyo udhaifu wa ardhi mpaka leo, na Ziwa Tanganyika limefunguka kwa kuufuata mkondo wa ukanda ule ule. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga ziwani. Kwa hiyo anayejenga shule au zahanati mwambao ule anajenga juu ya kovu, na kovu hilo bado linafunguka.

Wana-Kigoma mliopo hapa kampasi, mnasemaje? Shuleni tufundishwe Stanley peke yake?