Lahaja ya Wamappila, kutoka kasida hadi sinema

Mwaka 1607, Kadhi Muhammad wa Kozhikode, kusini magharibi mwa India, alitunga shairi la kumsifu Sheikh Abdulkadir Jilani. Kiarabu alikimudu. Hata hivyo alitumia Kimalayalam cha watu wake, Wamappila, yaani Waislamu wa pwani ya Malabar, akakiandika kwa herufi za Kiarabu. Muhyiddin Mala ndilo shairi kongwe linalojulikana, lenye tarehe, katika maandishi hayo yaitwayo Arabi-Malayalam.

Aliyewahi kushika muswada wa utenzi wa Lamu ataijua kazi aliyokuwa nayo kadhi. Kimalayalam kina sauti zisizo na herufi katika Kiarabu. Nukta zikaongezwa, alama zikabuniwa.

Mdomoni nako lahaja ilishika njia yake. Mvua, mazha kwa Kimalayalam sanifu, Wamappila wengi huiita maya. Maji, vellam, huwa bellam. Mama ni umma. Wanapotaja dunia au kaburi, Mswahili haitaji mkalimani.

Bingwa wa tungo za Kimappila ni Moyinkutty Vaidyar wa Kondotty. Mwaka 1872, akiwa kijana wa miaka kama 20, alimaliza utenzi wa Badarul Muneer Husnul Jamal. Si sifa za walii wala habari za vita, ni mapenzi matupu! Humo Kimalayalam kimechanganyika na Kiarabu, Kiajemi, Kitamil na Kisanskriti, na tungo zake bado zinaimbwa.

Mwishoni mwa karne hiyo mwanamageuzi Makti Thangal aliwahimiza Waislamu wajifunze herufi za Kimalayalam. Alikuwa na haki: asiyezijua alibaki nje ya magazeti na ofisi. Taratibu Arabi-Malayalam ikarudi nyuma, ikabaki zaidi madrasani.

Lafudhi haikufuata. Vaikom Muhammad Basheer aliipa riwaya yake ya 1951 jina la Kimappila kabisa, Ntuppuppakkoranendarnnu, la mtu anayejisifu kwamba babu yake alikuwa na tembo. Kisha akaja Mamukkoya, mfanyakazi wa magogo huko Kallayi, aliyeingia kwenye filamu na usemi wake wa Kozhikode bila kuupiga pasi. Watazamaji walicheka, lakini mara nyingi mwenye akili kuliko wote kwenye tukio alikuwa yeye.

Katika filamu ya Sudani from Nigeria ya 2018, usemi wa Wamappila wa Malappuram haumchekeshi mtu kwa kuwa wa kigeni. Ndio lugha ya nyumbani. Savithri Sreedharan, aliyeigiza mmoja wa akina mama wanaomuuguza mchezaji mpira wa Nigeria, alitajwa kwa heshima katika tuzo za taifa za filamu za India.